Sinia Lililorudi Kutoka Shuleni

Doha,
Jumanne jioni

Mpendwa Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Mguu wa Bibi unaendeleaje, na kifua chako kinavumilia mvua hizo? Sisi miili yetu ni mizima, kwa hiyo nikisema hatujambo sitakuwa nimesema uongo. Mdogo wetu Abdi ameota meno ya mbele na anauma kila anayemkaribia. Joto limeanza kuwa la kweli. Maji ya bomba yanatoka ya moto bila kuchemshwa, nasi tunayakinga alfajiri kwenye ndoo ili yapoe, tupate ya kuogea mchana.

Lakini nyumba si nzima, Dada. Kaka Rajabu, yule mlinzi wa hoteli aliyekulia Chumbageni, anakuja likizo Alhamisi, na amekubali kukuletea barua hii mkononi. Kwenye simu siwezi kusema haya, kwa sababu vyumba vyetu ni viwili tu na kila neno linasikika. Isome kwanza peke yako. Nitakuonyesha mahali pa kuanza kumsomea Bibi.

Jambo lenyewe ni shule. Nimemaliza darasa la sita, na huku darasa la saba mtoto huhamia shule nyingine kabisa. Kwa kuwa Baba ni dereva wa gari la wagonjwa la serikali, watoto wake wanaruhusiwa kusoma shule za serikali, na kwa msichana kama mimi zipo mbili. Ya kwanza ni shule ya mtaa, iliyo nyuma ya msikiti wetu. Ukiweka tende mdomoni mlangoni kwetu, hujatema kokwa umefika. Masomo yote ni kwa Kiarabu, na wasichana niliosoma nao darasa la sita wanakwenda huko wote. Ya pili ni shule mpya, mbali, upande wa kwendea Lusail ambako wanajenga mchana na usiku. Hiyo serikali inaipa fedha, lakini mwalimu mkuu ndiye anayechagua walimu, vitabu na watoto wa kupokea. Watu huziita shule za kujitegemea. Hesabu na sayansi husomwa kwa Kiingereza. Wageni hupewa nafasi chache, na lazima wafanye mtihani.

Baba anataka ya mtaa. Mama anataka mpya. Mimi hakuna aliyeniuliza, lakini wewe ungeniuliza ningekujibu bila kufikiri: mpya. Sababu yangu nitakuambia huko mbele, maana hata Mama haijui.

Vita vilianza Ijumaa moja, Shangazi Mwanahawa alipokuja. Unajua anafanya kazi za nyumbani kwa familia moja kule The Pearl, mtaa wa matajiri, na Ijumaa ndiyo siku yake ya kupumzika. Huja kwetu na chakula kilichobaki kwenye karamu za matajiri wake, na maneno yaliyombakia tumboni wiki nzima. Siku hiyo alileta biriani. Tulikaa kwenye mkeka, Baba upande mmoja, Shangazi pembeni yake, Mama akiwa na Abdi mapajani.

“Wifi,” Shangazi akasema huku anachagua nyama, “nasikia unamtafutia mtoto shule ya kuongelea puani.”

“Namtafutia shule itakayomfaa nyumbani,” Mama akajibu. “Sekondari za kwetu sayansi ni Kiingereza. Akirudi Tanga na kemia ya Kiarabu ataanzia wapi?”

“Kiarabu ni lugha ya Mtume.”

“Mtume nampenda. Lakini mtihani wa kidato cha nne hautungwi Makka.”

Baba aliliacha tonge kwenye sahani. “Chunga ulimi, Mama Mwanaidi.”

“Nauchunga sana. Laiti ningeuachia.” Akamgeukia Shangazi. “Na wewe, wifi, hicho Kiarabu chako cha ‘leta hiki, ondoa kile’ kimekufikisha wapi? Jikoni kwa watu.”

Shangazi alijifuta vidole kimoja kimoja. “Jikoni kwa watu,” akasema polepole, “ndiko ilikotoka nauli iliyokuleta hapa, mwanamke. Uliruka angani kwa mikono hii iliyopasuka kwa sabuni. Shukuru. Kama huwezi kushukuru, nyamaza.”

Mama akamtazama Baba ili amtetee. Baba hakumtetea. Alisema, “Na nani amekwambia tunarudi Tanga?”

Unakumbuka yale mapazia ya kijani ambayo Mama aliyanunua kwa ajili ya nyumba yetu hapo Tanga, wewe ukamtumia vipimo vya madirisha? Bado yamo chini ya kitanda, kwenye mfuko wake wa nailoni. Miaka yote Baba alikuwa akisema, “Mwakani, Inshallah.” “Kumbe,” Mama akasema. Akanyanyuka na sahani yake ingawa hajamaliza, na Shangazi akasema nyuma yake, “Biriani haimwagwi kwa kununa.”

Hapo ndipo nilipofahamu kuwa anayenichagulia shule anachagua pia mahali tutakapozeekea. Ndiyo maana hakuna anayetaka kushindwa.

Wiki ile Mama alimpakulia Baba bila kumwambia “karibu”. Sahani ilikuwa inawekwa tu, tak, kama ya mtu wa hotelini. Baba alivumilia siku kadhaa. Halafu asubuhi moja, amevaa sare yake ya kazi, akasema, “Haya. Nitakwenda kwenye hiyo shule yako. Lakini nitakwenda kama mtu, siendi kama mwombaji.”

Nilifurahi kupita kiasi. Sikujua alikuwa na maana gani.

Alikwenda kwa Mzee Salehe, yule Mzanzibari anayetunza msikiti wetu, mwenye Kiarabu kizuri na ndevu nyeupe, akamfanya mshenga. Ndiyo, Dada, mshenga, kama wa posa. Baba alisema huwezi kwenda kuomba mtoto wako apokelewe katika nyumba ya watu ukasimama mwenyewe na kutamka “nipe”. Anatangulia mtu mzima, anabisha hodi kwa maneno mazuri, na mbele yake kuna sinia. Akamwagiza Mama alipange: halua ya Zanzibar aliyoletewa Mzee Salehe, visheti, udi wa kufukiza, na juu yake kile kitambaa cheupe Bibi alichokidarizi.

“Shule haiposwi,” Mama akasema. “Nenda na cheti cha mtoto na matokeo yake.”

“Mtu mzima hendi mikono mitupu.”

“Basi watakuona unawahonga.”

“Kwetu ni heshima.”

“Hapa si kwetu. Si umesema mwenyewe kwamba haturudi? Basi jifunze ya hapa.”

Alilipanga, lakini alivipanga visheti kama anayepiga misumari.

Tulikwenda Jumapili asubuhi, maana huku ni siku ya kazi. Kwa kuwa ni shule ya wasichana, wanaume hawapiti ndani. Kuna chumba cha wageni karibu na lango, na humo mwalimu mkuu huwapokea wazazi. Huku humwita Mudira. Ni mama mnene kiasi, ana miwani, hakai vizuri kitini kwa sababu ya haraka. Wazazi wengine walikuwa wakisubiri, wengi na mafaili mikononi. Sisi tuliingia tukiwa na sinia. Baba alikuwa amevaa kanzu, Mzee Salehe amevaa joho. Kupitia kioo cha mlango wa ndani niliona maabara, meza ndefu nyeupe na darubini zimefunikwa vifuniko, na moyo wangu ulikuwa huko, kwa hiyo mwanzo wa hotuba sikuusikia vizuri.

Mzee Salehe alianza kwa kumshukuru Mungu. Kisha akaitaja familia yetu, babu na baba yake babu. Kisha akasema kwamba tulikuwa tunapita, tukaona bustani yenye ukuta mzuri, tukajiuliza mwenye bustani ni nani.

“Ewe Haji,” Mudira akasema, “unahitaji nini?”

Lakini mshenga mwema hataji haja yake kwenye hodi ya kwanza, wewe unajua. Kadiri Mudira alivyomuuliza, ndivyo Mzee Salehe alivyozidi kuzunguka. Akasema sisi nasi tuna mche mdogo, unataka maji. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri akacheka ndani ya shela yake. Mudira akatazama saa. Ndipo Baba, alipoona ni wakati, akaweka sinia mezani na kuondoa kitambaa.

Mudira alisimama. “Hiki ni nini?”

“Ni hodi yetu,” akasema Mzee Salehe.

“Kwa nani?”

“Kwako wewe, mwenye nyumba.”

“Hapa mtoto anaingia kwa mtihani,” Mudira akasema, na sauti yake ilifika kwa wote waliokuwemo. “Walioniletea vitu kabla yenu niliwatoa nje, na baadhi yao ni ndugu zangu wa damu. Ondoeni.”

Baba anakijua Kiarabu cha barabarani cha kutosha kuelewa “ondoeni”. Mzee Salehe alibaki mdomo wazi, kwa sababu katika maisha yake ya ushenga nadhani hajawahi kuambiwa neno lile. Hakuna aliyekuwa anasema, basi nikasema mimi.

“Samahani, Mudira. Kwetu anayekuja kuomba mikono mitupu amemdharau anayemwomba.”

Alinitazama mara ya kwanza tangu tuingie. “Na kwangu,” akasema, “anayekuja na mikono iliyojaa amewadharau hao.” Akaonyesha wazazi wenye mafaili. “Wewe ndiye mtoto mwenyewe?”

“Ndiyo.”

“Kiarabu chako kizuri. Ingia ndani na mwalimu huyu aliyesimama mlangoni, kafanye mtihani. Baba yako na sinia lake wasubiri nje.”

Nilikwenda, Dada. Sikugeuka kumtazama Baba, nilikwenda moja kwa moja kama nimeitwa mbinguni. Mtihani wa hesabu niliupenda. Ule wa Kiingereza niliuogopa kidogo, lakini vile vitabu ulivyonitumia vilinisaidia. Nilipotoka nilikuwa natabasamu. Baba alikuwa amesimama juani nje ya lango, kanzu imemganda mgongoni, sinia mikononi. Mlinzi hakumruhusu kuliweka kwenye benchi. Magari ya wazazi yalikuwa yanapita mbele yake taratibu na watu wanamwangalia. Mzee Salehe alikuwa ameshaondoka na teksi. Njia nzima Baba hakuniuliza hata kama maswali yalikuwa magumu.

Tulipofika nyumbani alimsimulia Mama. Alisimulia vizuri, bila kujificha, nadhani alitaka tu ampe pole. Na Mama akacheka. Laiti asingecheka! Alicheka mpaka akashika mlango. “Ulimposea nani, Baba Mwanaidi? Mudira au shule?”

Baba aliweka sinia chini taratibu mno. Akasema, “Kwa radhi ya mama yangu aliyenizaa, mtoto huyu hatatia mguu tena pale.”

Mama aliacha kucheka, lakini neno lilikuwa limekwisha toka.

Siku chache baadaye shule ilipiga simu. Nimefaulu, nafasi yangu ipo, na wataishikilia hadi wiki ya kwanza baada ya Idi. Anayetakiwa kwenda kuweka sahihi ni Baba, kwa sababu vibali vya sisi sote kuishi hapa viko chini ya jina lake. Mama alimwomba. Baba akasema ameapa. Mama akasema kiapo kile ni cha hasira. Baba akasema, “Cha hasira au cha furaha, jina la mama yangu limo.” Shangazi alipopata habari alikuja hata siyo Ijumaa. Akasema, “Mwenyezi Mungu ameamua,” na akanywa chai vikombe viwili kwa raha. Nilimtengenezea mimi chai hiyo. Sitakuficha, Dada, sikumwekea tangawizi makusudi, na najua ndiyo anayoipenda.

Sasa wazazi wetu hawasemeshani. Mimi ndiye simu yao. “Mwambie baba yako chai tayari.” “Mwambie mama yako nimesikia.” Wamekaa chumba kimoja, na mimi niko katikati yao nayarudia maneno ambayo wote wameyasikia. Juzi Mama alisema, “Mwambie baba yako kama mtoto hasomi pale, nitarudi naye Tanga.” Mimi sikulirudia. Baba akasema, “Mwambie mama yako mlango haujafungwa.” Nikaenda kukaa bafuni nikafungua maji.

Mzee Salehe, ambaye bado ana aibu na hapiti upande wetu wa mtaa, nilimfuata msikitini baada ya darsa la watoto. Nilimuuliza kama kiapo kile kinaweza kufunguliwa. Alisema angeapa kwa Mungu, ingekuwa rahisi, tungelisha masikini kumi, yakaisha. “Lakini ameapa kwa radhi ya mamaye,” akasema, “na kitabuni hicho si kiapo hata kidogo. Ila moyoni mwa baba yako ni kizito kuliko vyote. Aliyetajwa jina ndiye anayefungua, mjukuu wangu. Hakuna mwingine.”

Sasa nikwambie sababu yangu. Siku ya mwisho ya darasa la sita, msichana mmoja niliyekaa naye dawati moja mwaka mzima aliniwekea mkoba wake mikononi. Akaniambia nimbebee mpaka kwenye gari, maana sisi ndiyo kazi yetu. Wenzake wakacheka, wakaniita mtumishi. Niliutua mkoba mchangani na nikaondoka. Yeye na wenzake wote wanakwenda shule ya mtaa. Sikumwambia Baba, kwa sababu angekwenda nyumbani kwao kugombana, na sisi ni wageni. Sikumwambia Mama, kwa sababu angelifanya fimbo ya kumpigia Baba. Walimu wa shule niliyomaliza si wabaya, nisiseme uongo. Abla Iman, mwalimu wa Kiarabu, alikuwa ananiita “nuru ya darasa”. Lakini miaka mitatu na mkoba ule, Dada, naiogopa.

Jana jioni kulitokea jambo dogo, nami silijui maana yake. Baba alikuwa anafunga viatu aende zamu. Mama alikuwa jikoni. Bila kumtazama mtu, Baba akasema, “Rajabu anasafiri Alhamisi. Kama kuna mwenye barua ya Tanga, aandike mapema.” Baba huyu huyu ambaye siku zote husema barua ni kupoteza wino wakati simu zipo! Nikamwuliza, “Nimwandikie Bibi pia?” Akafunga kiatu cha pili, akasema, “Bibi yako anapenda kusomewa barua,” akatoka. Pengine hakuwa na maana yoyote. Nimekaa usiku kucha nikiyafikiria maneno yake, na leo nimeandika.

Kabla sijamgeukia Bibi, nisalimie Mjomba Athumani fundi cherehani, umwambie gauni alilonishonea bado linanienea. Msalimie Mama Mkubwa wa vitumbua na yule binamu yetu aliyeoa, sijui mkewe anaitwa nani, naye pia. Maalim wa madrasa mwambie sijasahau hata sura moja, hata kama Shangazi atampelekea habari nyingine.

Dada, kuanzia hapa msomee Bibi. Kile kicheko cha Mama na habari ya mkoba, tafadhali, vibaki kwako.

Bibi yangu, shikamoo. Nabusu mikono yako yote miwili.

Mwanao ni mzima na anafanya kazi yenye thawabu. Akipita na gari la wagonjwa watu wasiomjua humwombea dua. Siku moja alipatwa na hasira, akaapa kwa radhi yako kwamba mimi sitaingia katika shule fulani. Alikuwa na haki ya kuumia. Alipeleka sinia kwa heshima kama ulivyomlea, na kitambaa chako juu yake, likarudishwa mbele za watu. Mimi nilikuwepo, na ninasema hakustahili kusimama juani vile. Yule mwalimu naye sidhani alikusudia kumdharau. Ana desturi yake, nasi tuna yetu, na siku ile hazikufahamiana.

Sikuandikii kumshitaki Baba kwako. Naomba umpigie simu kabla ya Idi. Usimkemee, Bibi, na usimwulize ni shule gani, wala usimtaje Mama. Mwambie tu kwamba umelifungua neno lile, na radhi yako anayo vilevile kama siku aliyopanda ndege.

Baada ya hapo akinipeleka shule ya mtaa, nitakwenda na nitasoma kwa bidii, na hamtasikia lalamiko langu. Lakini iwe ni yeye aliyenipeleka. Jina lako ndilo nililopewa mimi nilipozaliwa, na sitaki kuishi nikijua ndilo lililonifungia mlango.

Mjukuu na somo wako,
Mwanaisha mdogo